Pikapu Iliyoinua Pua Ukweni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wanaona haya, mimi nasema kama mtu anayetaja cheo chake. Nilimaliza sekondari, nikarudi Buyenzi, nikakaa kwenye kiti, na mpaka leo sijaona sababu ya maana ya kuniinua. Mke wangu amezoea. Mgeni akimwuliza nipo wapi, hajibu, anamwonyesha kiti. Kwa hiyo ieleweke kwamba sikuifuata habari hii ya pikapu. Pikapu ndiyo iliyonifuata mlangoni.

Kilichoileta ni sakafu. Mtaa wetu umeinama kuelekea mfereji, na magari yanatengenezewa barabarani, kila fundi mbele ya nyumba ya mtu ambaye hakuombwa ruhusa. Mbele ya mlango wangu tu ndipo penye saruji iliyonyooka sawasawa, maana nilimsimamia mwashi mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa. Nilitaka kiti changu kisiyumbe. Alhamisi moja asubuhi nikatoka na chai yangu, nikakuta pikapu imekaa pale ninapokaa mimi.

Ilikuwa ya shemeji. Alimwoa dada yangu, dada yangu akafariki, yeye akabaki shemeji vilevile, maana katika vyote alivyotuachia marehemu, huyu ndiye ambaye hatukujua pa kumpeleka. Anauza vipuri vilivyokwisha kutumika, na anavisifu kana kwamba vilitumiwa na wafalme. Sasa alitaka kuoa tena. Kwa hilo sikuwa na neno: miaka ilikuwa imepita, na mgane anayepika peke yake huishia kuzungumza na sufuria. Neno langu lilikuwa juu ya mlango aliokwenda kuugonga.

Mwanamke mwenyewe hana kasoro, ni mwalimu, mtu wa heshima. Kasoro ni kwao. Ni watu wa Buyenzi kama sisi, waliohamia Mutanga Sud, kule juu karibu na chuo kikuu, na tangu wahamie wanashuka huku kwa misiba na Idi tu, tena wameshika suruali kwa vidole viwili isiguse barabara iliyowalea. Baba yake ni mstaafu wa ofisi za serikali. Wajumbe wa kwanza walirudi na jibu la neno moja: tutaona. Katika mji huu "tutaona" ni "hapana" iliyooga ikajipaka mafuta. Halafu, sijui binti alisema nini ndani, ikaja habari nyingine. Aje mwenyewe Jumapili na watu wake, aonekane. Wakimkubali wataongea ndoa. Wakimkataa, asigonge tena lile geti.

Mtu mwingine angepewa nafasi moja kama hiyo angefikiria maneno ya kusema. Angalau angenyoa. Shemeji alikwenda kuitazama pikapu yake, akaona imemwaibisha.

"Angalia, shemeji," akaniambia. "Mbele iko chini, nyuma iko juu. Mi nifike kwa batu wa Mutanga na gari yenye kuinama? Wataona niko naomba."

"Si unakwenda kuomba?"

"Mi naomba mwanamke. Gari haiombi kitu."

Ni kweli iliinama. Pikapu zote za namna ile, zenye magurudumu manne ya kuvuta, zinatoka kiwandani hivyo, mbele chini na nyuma juu, kama mbuzi anayekunywa dimbwini. Mtu wa kawaida haoni. Shemeji alikuwa ameendesha mbuzi yule miaka na miaka bila kuona, mpaka alipoitwa Mutanga Sud. Nikamweleza kwamba nchi nzima inapanga foleni kutafuta mazutu, yaani dizeli, na yeye gari lake halijawashwa kwa siku nyingi, anabana lita chache za Jumapili, hata hapa liliserereka tu kwa mteremko. Sasa anataka kulinyanyua pua likiwa limesimama. Akanijibu kwamba ndiyo sababu. Gari lisilotembea linaonekana zaidi.

Nikasogeza kiti.

Fundi alikuwa jirani yangu wa mkono wa kushoto, mtu mwenye sauti kubwa kuliko sanduku lake la vyombo. Kazi yenyewe si ngumu, hata mimi niliielewa, na mimi vyombo vyangu ni kijiko na bilauri. Gari la aina hiyo mbele halina springi za kuzunguka. Lina nondo mbili ndefu zinazolala chini yake, moja kila upande, na kila nondo inasokotwa na bolti moja. Fundi anaziita bare. Ukikaza bolti, nondo inajisokota zaidi, na pua ya gari inapanda. Ukilegeza, inashuka. Basi. Lakini Buyenzi hakuna kazi ya bolti mbili. Mpaka saa nne walikuwa wamesimama mafundi wa mtaa mzima, kila mmoja ana kle yake, spana, mkononi na rai yake mdomoni.

"Kaza kulia."

"Kulia imetosha, we uko unaangalia kutoka kushoto."

"Mi niko naangalia kutoka mbele."

"Mbele yako ni nyuma ya gari, bwana."

Kupima walipimia utepe wa fundi cherehani, kutoka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa bodi. Utepe ulikuwa umevutika kwa kuzungushwa viuno vya maharusi kwa miaka mingi, na kila aliyeusoma alipata kipimo chake. Ndipo fundi alipoichukua bilauri yangu ya chai, bila kuniomba, akaiweka juu ya ukingo wa karoseri, sanduku la mizigo, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Chai ikiegemea mbele, pua bado iko chini. Ikiegemea nyuma, imezidi. Ikisimama sawa, gari liko sawa.

"Chai haijui kusema uongo," akasema.

"Chai ni yangu," nikasema.

"Ndiyo maana iko inapoa. Imezoea kukaa."

Wakacheka wote. Ninakubali, lilikuwa jibu zuri. Kriki, yaani jeki, ikanyanyua, bolti zikakazwa, kriki ikashusha, watu wazito wawili wakaning'inia kwenye bampa ya mbele ili gari likae vizuri, chai ikatazamwa tena. Walirudia hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameanza kutanua kama miguu ya mtu aliyetoka kupanda punda, kwa hiyo yakanyooshwa kwa kamba iliyovutwa kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele. Nikawaambia kamba ile jana niliiona imefunga kuku. Fundi akasema kamba haina kumbukumbu.

Mwishowe chai ilisimama sawa, na ngozi juu yake, na nzi. Pikapu ilikuwa imenyooka kama meza. Shemeji akarudi nyuma hatua chache, akaitazama, akafumba macho, akayafumbua akaitazama tena. Nimewaona watu wakimtazama mtoto mchanga kwa uchangamfu mdogo kuliko ule. Akaja akachutama mbele ya kiti changu, na hapo nikajua kuna baya linakuja.

"Shemeji, Jumapili we ndiye utasema."

"Nitasema nini?"

"Utakuwa musemaji wangu. We ulisoma. Halafu we ni ndugu ya marehemu. Ndugu ya marehemu akinisemea vizuri, wataamini."

Nikamwambia kuna watu wenye midomo wamejaa hapa, amchague fundi. Nikamwambia Mutanga Sud ni mbali, na ni mlima. Nikamwambia nina mgongo. Kutoka ndani mke wangu akasema bila hata kuja mlangoni, "Ataenda. Kanzu yake nimeshaipiga pasi." Kwa maneno mengine waliniuza kabla sijafika sokoni.

Sasa nieleze upumbavu wenyewe, kwa sababu mpaka Jumapili hakuna aliyeuona, na mimi nikiwamo, niliyekaa pale asubuhi nzima nikiwacheka wenzangu. Gari lilipimwa likiwa tupu. Mafundi wote wale, na utepe na kamba na chai, hakuna aliyeuliza Jumapili litabeba nini. Nyuma ya pikapu imeachwa juu kwa makusudi, ili ikipakiwa ishuke ikutane na mbele. Na mtu haendi ukweni mikono mitupu. Zilikuja krati za fanta. Yakaja magunia ya mchele, na sukari, na madebe ya mafuta ya kula, na mikungu ya ndizi. Juu ya vyote hivyo wakapanda shangazi zake shemeji, wanawake wa mwili wa kutosha, wamejifunga mavazi ya sare, na kwa kila aliyepanda, nyuma ilikwenda chini na pua ikaenda juu. Alipokaa shangazi mkubwa, taa za mbele zilikuwa zinatazama mnara wa msikiti.

Shemeji akalizunguka gari mara moja, mkono juu ya mdomo.

"Legeza bolti kidogo tu," akamwambia fundi.

"Na kanzu hii?" akauliza fundi.

Ndipo tulipoangaliana. Alhamisi walikuwapo mafundi wa mtaa mzima, na Jumapili walikuwapo walewale, maana wote ndio msafara, na wote walikuwa weupe kama maziwa kutoka kofia mpaka kifundo cha mguu. Hakuna asiyejua bolti ilipo, ila hakuna aliyekuwa na nguo ya kulala chini. Gari la kukodi halikuwepo, kwa mazutu gani? Na kuwaambia shangazi washuke, wasubiri, wapande tena, nani angesema? Tuliambiwa tufike baada ya alasiri, na alasiri ilikuwa imeswaliwa. Shemeji akaanza kukunja kanzu yake mwenyewe apige magoti. Shangazi mkubwa akamshika kola kutoka juu.

"Utaingia kwa bakwe na oili mugongoni? We ni bwana harusi ao ni kitambaa ya fundi? Panda, twende."

Tukapanda. Mimi niliwekwa mbele, kiti cha msemaji, na kutoka pale sikuona barabara, niliona mbingu. Ilikuwa na mawingu machache. Shemeji aliendesha ameinua kidevu kama mtu anayezama. Usukani, alisema, umekuwa mwepesi, haushiki, kama unaendesha sinia. Kwa vile nondo zimekazwa mno, kila shimo lilitupiga paani. Tulipoanza kupanda kuelekea Mutanga krati zikateleza kwenda nyuma, shangazi wakazizuia kwa migongo yao, wakianza dua moja wote na kila mmoja akiimaliza kwa maneno yake. Mwenye baiskeli mmoja, amefunga mkaa nyuma, alikuwa anasukuma kwa miguu na bado alikuwa sambamba nasi.

"Piloti," akamwita shemeji. "Munaruka saa ngapi?"

Nilikuwa na maneno yangu ya kumcheka tayari, matamu kabisa, nimeyaandaa tangu Buyenzi. Nikamtazama ili nianze. Alikuwa anafuta kiganja kwenye kanzu, anarudisha kwenye usukani, anafuta tena, na midomo yake inacheza. Alikuwa anarudia salamu. Anarudia "asalaam aleikum" ambayo ameitamka tangu azaliwe, asije akaikosea mbele ya geti la wale watu. Nikayameza maneno yangu. Yalinikwama, lakini yalishuka.

Mzee, baba wa binti, alikuwa ametoka nje ya geti kutupokea, na wanaume wa kwao wawili watatu, wote wamevaa suti za kijivu. Pikapu ikapanda kizingiti, ikaingia uani na pua yake hewani, ikasimama inawatazama kwa juu juu, kama mtu aliyealikwa mahali pasipomfaa. Laiti ingeingia imeinama kama zamani ingekuwa nafuu. Mzee aliitazama kwa muda.

"Karibuni," akasema. "Naona hata gari yenu imetuinulia pua."

Wa suti wakatabasamu kidogo. Wa kanzu tukatazama viatu vyetu. Shemeji akasema salamu yake, na akaikosea.

Sebuleni tulikaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, wao upande huu, sisi upande ule, na kati yetu meza ya kioo ambayo fundi aliogopa kuweka hata goti karibu nayo. Mizigo ilipitishwa uani kwenda jikoni. Pazia la mlango wa ndani lilitikisika, nikajua wanawake wa kwao wako nyuma yake wote, na yeye mwenyewe mwalimu yupo. Nikasimama. Nilikuwa nimetunga hotuba yenye misemo mitatu na aya, na sauti ya kuisomea. Nikafika kwenye "tumeliona ua katika bustani yenu," mzee akanyanyua mkono.

"Ua tumelisikia, mwanangu. Kila mwezi kuna mutu analiona. Kaa." Nikakaa, kazi ninayoiweza. "Wajumbe walisema wewe ni ndugu wa marehemu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie wewe. Mutu anakuja hapa na gari ya kujivuna, mimi nitajuaje atamutunza binti yangu namna gani? Dada yako, huyu alimutunza namna gani?"

Hilo halikuwemo kwenye hotuba. Watu wote walinigeukia. Shemeji alikuwa anatazama zulia. Nilijua hapa ndipo msemaji anaposema alimtunza kama mboni ya jicho, na wao wanasema alhamdulillahi, na hakuna anayemwamini mwenziwe.

"Mzee, huyu mtu ni mjinga," nikasema.

Nikamsikia fundi akivuta pumzi.

"Ni mjinga tangu ninamjua. Dada yangu alipougua, usiku ule—samahani, ilikuwa alfajiri—mafuta hayakuwepo, kama sasa. Mtu mwenye akili angetafuta baiskeli, angetafuta machela, angewaamsha vijana wamchukue kwa kiti. Huyu alimlaza ndani ya pikapu hiyohiyo mnayoiona, akafungua mlango, akaweka bega, akaanza kuisukuma. Kutoka Buyenzi mpaka hospitali. Mimi nilishika usukani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi ya kukaa. Dada yangu akawa anamwambia, we mwanaume, niache nitembee, nitafika kabla yako. Hakumwacha. Watu wa sala ya alfajiri walitukuta wakasaidia kusukuma, wengine wakicheka, na walikuwa na haki. Tukafika. Mara ile alipona, akarudi nyumbani. Mara ya pili hakurudi, na mara ya pili mafuta yalikuwepo."

Sikujua namna ya kumaliza, kwa hiyo nikaacha hapo. Mmoja wa wale wa suti alivua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na kitu. Shemeji hakuinua kichwa.

Nyuma ya pazia sauti ya mwanamke mzima, baadaye nilijua ni shangazi yake binti, ikauliza:

"Na huku kwetu ni mulima. Huku atasukuma?"

Shemeji akainuka nusu, kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mama, hospitali ziko chini," akasema. "Kutoka huku ni kushuka tu. Mi nitakuwa nazuia."

Pazia likacheka. Walikuwa wengi nyuma yake kuliko nilivyofikiri, na kati ya vile vicheko kilikuwemo kimoja kilichojaribu kujizuia kikashindwa, na shemeji alikitambua, maana masikio yalimbadilika rangi. Mzee hakucheka. Alitazama dirishani, uani, akakunja uso, akarudisha macho kwa shemeji, akamtazama kanzu, mikono, viatu, bila haraka, kama mtu anayekagua kipuri kilichokwisha kutumika.

"Ile gari," akasema, "muishushe pua kabla ya ndoa. Sitaki majirani wangu waione tena vile."

Nikamsikia fundi pembeni yangu akianza alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Wa suti walikuwa wameanza kunyoosha mikono kutupongeza. Kila mtu mle sebuleni alikuwa amesikia neno "ndoa" isipokuwa mmoja, ambaye alikuwa amesikia neno "gari", na alikwisha kusogea kwenye ukingo wa kochi, macho yanawaka.

"Lakini mzee, ikiwa tupu iko sawa kabisa," akasema. "Mizigo imeshushwa. Twende uone, mi nakuambia ni kama meza, mzee, twende na bilauri ya maji..."

Nikamkanyaga mguu. Akaendelea. Nikamkanyaga tena, kwa kisigino, na nikauacha kisigino pale mpaka aliponyamaza.